Alexander Dubček na Miaka Ishirini ya Kunyamazishwa

Alexander Dubček aliongoza Chama cha Kikomunisti cha Chekoslovakia kwa miezi 15 tu, kuanzia Januari 1968 hadi Aprili 1969. Baada ya hapo aliishi karibu miaka 20 akiwa mtu ambaye jina lake halikutajwa magazetini nchini mwake isipokuwa kwa kulaaniwa. Wanaoandika habari zake wamegawanyika. Wapo wanaomwona shujaa aliyetaka kuwapa watu wake ujamaa wenye utu, na wapo wanaomwona mtu laini, mwepesi wa kuamini, aliyetia saini karatasi ambazo hakupaswa hata kuzigusa. Nimekuwa nikizisoma habari za mtu huyu kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu pande zote mbili humhukumu kwa siku chache za Agosti 1968, zikaiacha nje ya mizani sehemu ndefu zaidi ya maisha yake ya utu uzima, ile ambayo hakuwa na cheo, mlinzi wala kipaza sauti. Sehemu hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu, ingawa, kama nitakavyoeleza, liko jambo moja ambalo siwezi kumtetea.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1921 katika kijiji cha Uhrovec, magharibi mwa Slovakia, ndani ya nyumba ileile alimozaliwa mwaka 1815 Ľudovít Štúr, mwanazuoni aliyeweka misingi ya lugha sanifu ya Kislovakia. Wazazi wake, Štefan na Pavlína, walikuwa wametoka Chicago mwaka huohuo wa 1921. Baba alikuwa seremala, mjamaa wa kuamini kabisa, na Marekani haikumpa alichokuwa akikitafuta. Alipoona kwamba hata nyumbani hakipatikani, mwaka 1925 aliichukua familia yake, Alexander akiwa na umri wa miaka mitatu, wakapanda treni kuelekea Asia ya Kati pamoja na mamia ya mafundi na wakulima wa ushirika ulioitwa Interhelpo, waliojitolea kwenda kuijenga Urusi mpya ya wafanyakazi kwa mikono na vifaa vyao wenyewe.

Walifikia Pishpek, mji ambao leo unaitwa Bishkek na ni mji mkuu wa Kirgizstani. Waliyoyakuta hayakufanana na waliyoahidiwa. Palikuwa na mabanda machakavu, ardhi kavu na malaria, na katika miaka ya mwanzo watoto wengi wadogo wa kundi lile walizikwa hukohuko. Waliobaki walifyatua matofali, wakajenga nyumba, kiwanda cha nguo na cha ngozi. Alexander alikulia humo, akicheza na watoto wa Kikirgizi na wa Kirusi. Mwaka 1933 familia ilihamia Gorky, mji wa viwanda vya magari kwenye mto Volga, na ilipofika 1938, wakati utawala wa Stalin ulipowataka wageni wachague ama kuchukua uraia wa Kisovieti ama kuondoka, Štefan Dubček alimrudisha mwanawe Slovakia.

Ninaukazia utoto huu kwa sababu bila kuuelewa, mengi ya mwaka 1968 hayaeleweki. Viongozi wengine wa Ulaya ya Mashariki waliiogopa Moscow au waliihitaji. Dubček aliipenda Urusi kama mtu anavyopenda mahali alipolelewa, na aliizungumza lugha yake tangu utotoni. Aliwaamini watu wa Moscow kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuishi nao asingewaamini.

Vita vilimkuta akiwa kijana fundi katika kiwanda cha silaha cha Dubnica. Alijiunga na chama cha kikomunisti mwaka 1939, wakati chama hicho kilikuwa marufuku chini ya dola ya Slovakia iliyoshirikiana na Hitler. Yalipoanza Maasi ya Kitaifa ya Slovakia mwezi Agosti 1944, yeye na kaka yake Július waliingia msituni na wapiganaji. Alexander alijeruhiwa mara mbili. Július aliuawa Januari 1945. Baba yao alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya Mauthausen, akanusurika. Mwaka huo wa 1945, amani iliporudi, Alexander alimwoa Anna Ondrisová, wakajaliwa watoto watatu wa kiume, naye akaajiriwa katika kiwanda cha hamira mjini Trenčín.

Kupanda kwake ngazi za chama hakukuwa na kishindo, na sitakaa nako sana. Alianza kazi ya kulipwa ya chama mwaka 1949, akapelekwa katika chuo cha chama huko Moscow kuanzia 1955 hadi 1958, na hivyo alikuwa hukohuko Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti wakati huo, alipozifichua jinai za Stalin. Miaka ya mwanzo ya 1960 aliwekwa katika tume iliyochunguza kesi za kubambikiwa za miaka ya 1950, zile ambazo wakomunisti waaminifu waliteswa mpaka wakakiri makosa ya kutungwa kisha wakanyongwa. Nafikiri majalada yale ndiyo yaliyombadilisha. Mtu aliyekuwa amempoteza kaka na karibu ampoteze baba kwa ajili ya itikadi hiyo alisoma, ukurasa baada ya ukurasa, jinsi itikadi hiyohiyo ilivyowatenda watu wake yenyewe. Mwaka 1963 akawa Katibu wa Kwanza wa chama upande wa Slovakia, na tangu hapo akaanza kugongana na Antonín Novotný, mkuu wa chama na dola mjini Prague, aliyewadharau Waslovakia waziwazi. Mgongano huo ulifika kilele mwishoni mwa 1967. Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alipokuja Prague mwezi Desemba, alikataa kumwokoa Novotný, akawaambia Wachekoslovakia kwamba jambo hilo ni lao. Tarehe 5 Januari 1968 Dubček, akiwa na umri wa miaka 46, akawa Mslovakia wa kwanza kukiongoza chama cha nchi nzima.

Miezi minane iliyofuata imeandikwa sana chini ya jina la Majira ya Machipuko ya Prague. Programu ya Utekelezaji iliyopitishwa mwezi Aprili iliahidi uhuru wa kusema na kukusanyika, uhuru wa kusafiri, haki kwa waliohukumiwa kwa uonevu, na usawa kati ya Wacheki na Waslovakia. Mwezi Juni bunge likafuta udhibiti wa vyombo vya habari kwa sheria. Kwa sisi tuliowahi kuishi katika nchi ya chama kimoja, hatua hii ya mwisho si ya kupita nayo haraka, kwa kuwa mahali ambapo gazeti linaweza kumuuliza kiongozi swali na kuchapisha kwamba hakulijibu, kila kitu kingine huanza kusogea. Watu walianza kusoma magazeti kwa foleni. Walianza pia kumtazama kiongozi wao kwa macho mengine. Ipo picha ya kiangazi hicho iliyopigwa kwenye bwawa la kuogelea la Santovka, Slovakia: Katibu wa Kwanza, amevaa chupi ya kuogelea tu, amejirusha kutoka kwenye ubao, mikono mbele, mwili umenyooka hewani juu ya maji, huku waogeleaji wakimwangalia. Tuliozoea picha rasmi za viongozi wa kambi ile, za makoti mazito na kofia za manyoya juu ya jukwaa la gwaride, tunaweza kuona kwa picha hiyo moja ni kitu gani kilikuwa kimebadilika.

Moscow nayo iliona. Mwishoni mwa Julai ujumbe wa nchi hizo mbili ulikutana Čierna nad Tisou, kituo cha reli mpakani, na tarehe 3 Agosti wakakutana tena Bratislava pamoja na washirika wengine, wakatoa tamko la urafiki. Katika mkutano huohuo wa Bratislava, wakomunisti watano wa Chekoslovakia, mmoja wao Mslovakia Vasil Biľak aliyekuwa ameshika nafasi ya Dubček katika chama cha Slovakia, walimpelekea Brezhnev kwa siri barua ya kuomba msaada wa kila aina dhidi ya wenzao. Dubček hakujua. Alirudi Prague akiamini kwamba hatari imepita. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti majeshi ya Umoja wa Kisovieti, Poland, Hungaria na Bulgaria yakavuka mipaka.

Alikuwa katika jengo la Kamati Kuu ya chama, kando ya mto Vltava. Wangeweza kukimbia, yeye na wenzake, lakini walibaki wakaandika tamko la kulaani uvamizi, na likasomwa redioni kabla mitambo haijazimwa. Alfajiri askari wa miavuli wakaingia ofisini kwake wakiwa na bunduki na kukata nyaya za simu. Akachukuliwa, akasafirishwa hadi Ukraine na kisha Moscow, huku watu wa Prague wakisimama mbele ya vifaru na kuwauliza askari, kwa Kirusi walichofundishwa shuleni, kwa nini wamekuja. Zaidi ya raia 100 walipoteza maisha kabla ya mwaka kwisha. Malalamiko yalitoka pande nyingi za dunia, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere, ambayo haikuwa adui wa ujamaa hata kidogo, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoulaani uvamizi huo.

Tarehe 26 Agosti, Dubček na wenzake walitia saini kile kilichokuja kuitwa Itifaki ya Moscow, waliyokubali ndani yake kurudisha udhibiti wa habari na kuyavumilia majeshi ya kigeni. Mtu mmoja tu alikataa, daktari František Kriegel. Kesho yake Dubček alizungumza na taifa redioni. Sauti ilikatika, akanyamaza kwa muda mrefu katikati ya sentensi, akaendelea, akanyamaza tena, na waliokuwa wakisikiliza majumbani na viwandani wakatambua kwamba anazuia kilio.

Wengi humlaumu kwa saini ile. Mimi siwezi. Alikuwa mateka, hakujua nini kinatendeka nyumbani, na aliambiwa kwamba asipokubali damu itamwagika. Heshima ya Kriegel haipungui kwa sababu wengine walishindwa, wala wao hawageuki wasaliti kwa sababu yeye aliweza.

Ninacholaumu ni jambo jingine, linalotajwa mara chache nje ya nchi yake. Aprili 1969, baada ya mashabiki waliosherehekea ushindi wa mpira wa magongo wa barafu dhidi ya Wasovieti kuvunja ofisi ya shirika la ndege la Aeroflot mjini Prague, Moscow ilipata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Dubček aliondolewa na nafasi yake akapewa Gustáv Husák, Mslovakia mwenzake. Yeye akawekwa kuwa mwenyekiti wa Bunge la Shirikisho. Mwezi Agosti, katika maadhimisho ya mwaka mmoja wa uvamizi, vijana waliingia tena mitaani, na safari hii waliowapiga na kuwafyatulia risasi walikuwa askari na wanamgambo wa nchi yao wenyewe. Watu watano waliuawa. Tarehe 22 Agosti 1969 likatoka agizo la kisheria lililoruhusu kumweka mtu kizuizini hadi wiki tatu, kumfukuza kazini na kumtoa chuoni kwa sababu za kisiasa, agizo ambalo watu waliliita sheria ya virungu. Moja ya saini tatu zilizo chini yake ni ya Dubček. Hapakuwa na vifaru chumbani wakati huo. Angeweza kujiuzulu siku hiyo, na miezi miwili tu baadaye wakamwondoa hata hivyo. Saini hiyo ilitumika kuwapiga watu walewale waliokuwa wakiliita jina lake barabarani, na nadhani yeyote anayempenda anapaswa kulisema hili kwanza, kabla wasiompenda hawajalisema.

Baada ya hapo alipelekwa Ankara kuwa balozi nchini Uturuki. Ulikuwa uhamisho wa ajabu, na wengi wanaamini kwamba waliompeleka walitumaini angeomba hifadhi Magharibi, wapate kumtangaza msaliti na kulifunga jalada lake. Alirudi. Katikati ya mwaka 1970 akafukuzwa chamani, katika wimbi la usafishaji lililowaondoa mamia ya maelfu ya wanachama, na akapewa kazi katika idara ya misitu ya Slovakia Magharibi, kwenye karakana ya Krasňany pembezoni mwa Bratislava, akishughulikia mashine na vipuri vya wakataji miti. Alibaki katika kazi hizo za misitu mpaka alipostaafu mwaka 1981.

Kila siku polisi wa siri walikuwa wakimfuata. Gari lao lilisimama karibu na nyumba yake, waliomtembelea waliandikwa majina, na marafiki wa zamani walijifunza kuvuka barabara wanapomwona, kwa kuwa salamu tu ingeweza kumharibia mtu masomo ya mtoto wake. Aliyebeba mzigo huo pamoja naye ni Anna, mke wake, ambaye hakuwahi kugombea cheo chochote, na ambaye aliishi miaka hiyo yote ndani ya nyumba iliyozingirwa. Ninapofikiria gharama ya siasa, yeye hunijia fikirani mapema kuliko mumewe.

Dubček hakujiunga na waliotia saini Mkataba wa 77, ule waraka wa haki za binadamu ulioandikwa na mwandishi wa tamthilia Václav Havel na wenzake. Njia yake ilikuwa barua. Mwaka 1974 aliliandikia Bunge la Shirikisho barua ndefu akieleza jinsi anavyofuatiliwa na jinsi nchi ilivyogeuzwa kuwa ya woga na umbea. Barua ikavuja, ikachapishwa Magharibi mwaka uliofuata, na Husák akajibu hadharani kwamba kama Dubček anazipenda sana nchi za kibepari, anaweza kufungasha mizigo yake akaenda. Hakwenda. Kwa serikali, toba yake ilikuwa na thamani kubwa kuliko adhabu yoyote. Walitaka aseme kwamba yaliyofanyika 1968 yalikuwa makosa na kwamba majeshi yalikuja kusaidia. Wengi walisema hivyo ili warudishiwe ualimu, maabara au kalamu zao. Yeye alikataa kwa miaka 20, kimyakimya, akirudi karakanani kila asubuhi, na kwa sababu alikataa, neno la serikali kuhusu mwaka 1968 halikuwahi kuwa neno la mwisho.

Mlango ulianza kufunguka kutokea Italia, ambako chama cha kikomunisti kilikuwa kimeulaani uvamizi tangu siku ya kwanza. Januari 1988 gazeti la chama hicho, l'Unità, lilichapisha mahojiano marefu naye. Mwezi Novemba Chuo Kikuu cha Bologna, kilichokuwa kikiadhimisha miaka 900, kilimtunuku shahada ya heshima, na serikali, ikitazama upepo wa mageuzi wa Gorbachev, kiongozi mpya wa Moscow, ikampa pasipoti. Mzee wa miaka 66 alisimama mbele ya wanazuoni wa Ulaya, akasema hadharani kwa mara ya kwanza tangu alipozimwa, na hakubadilisha msimamo wake.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Novemba 1989, alitokea kwenye roshani ya jengo la Melantrich juu ya Uwanja wa Wenceslas, Prague, kando ya Havel. Umati ulilitaja jina lake kwa sauti moja. Usiku huohuo uongozi wa chama ukajiuzulu. Mapema Desemba nchi tano zilizohusika na uvamizi, zile nne zilizopeleka majeshi pamoja na Ujerumani Mashariki, zilikiri kwamba ulikuwa kosa. Tarehe 28 Desemba Dubček alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Bunge la Shirikisho, kiti alichoondolewa miaka 20 iliyopita, na kesho yake akaongoza kikao kilichomchagua Havel kuwa rais. Waslovakia wengi walitaka awe yeye. Alikubali matokeo.

Januari 1990 alikwenda Strasbourg kupokea Tuzo ya Sakharov, aliyotunukiwa na Bunge la Ulaya kwa mwaka 1989. Andrei Sakharov mwenyewe, mwanafizikia wa Kisovieti na mtetezi wa haki ambaye tuzo inabeba jina lake, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Mwaka uliotangulia, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mmoja wa waliotunukiwa alikuwa Nelson Mandela, ambaye siku Dubček aliposimama bungeni Strasbourg alikuwa bado kifungoni, zikiwa zimebaki wiki chache aachiwe. Mtu ambaye Ulaya nzima ilimtazama akichukuliwa na askari sasa alizungumza na wabunge wa Ulaya kama mwenzao, akizungumzia bara moja lisilogawanywa na ukuta. Mwezi Septemba mwaka huo Anna akafariki. Aliuona ushindi, lakini hakupata muda wa kupumzika ndani yake.

Mwaka 1992 Dubček alikiongoza Chama cha Kijamii cha Kidemokrasia cha Slovakia na kurudi bungeni, wakati ambapo Václav Klaus na Vladimír Mečiar, mawaziri wakuu wa upande wa Wacheki na wa Waslovakia, walikuwa wakijadiliana kuigawa nchi. Yeye alipinga mgawanyo. Hata hivyo jina lake lilitajwa sana kwa urais wa Slovakia, iwapo Slovakia ingesimama peke yake. Tarehe 1 Septemba, akiwa safarini kwenda Prague, gari lake liliacha barabara kuu karibu na Humpolec. Aliumia vibaya uti wa mgongo, akafariki hospitalini Prague tarehe 7 Novemba, akikaribia kutimiza miaka 71.

Zipo nadharia nyingi kwamba aliuawa. Wachunguzi waliopitia jalada hilo hawakupata ushahidi wa njama, nami sioni sababu ya kuzieneza. Wiki nane tu baada ya kifo chake, tarehe 1 Januari 1993, Chekoslovakia ikakoma kuwapo, na Slovakia ikaingia mikononi mwa Mečiar, aliyeiongoza kwa miaka mingi kati ya hapo na 1998 kwa namna iliyoiweka nchi hiyo nyuma ya jirani zake katika foleni ya kuingia Umoja wa Ulaya, hadi ilipolazimika kukimbiza muda ili ijiunge nao pamoja mwaka 2004. Rais asingekuwa na madaraka ya kumzuia waziri mkuu wa aina ile peke yake, na Dubček, tukiukumbuka mwezi Agosti 1969, hakuwa mtu wa kupambana vizuri akiwa ndani ya ofisi. Lakini alikuwa Mslovakia pekee ambaye Prague, Moscow, Roma na Strasbourg zilimjua kwa jina na kumheshimu, na naamini Slovakia ya miaka ile ilimhitaji kuliko alivyohitajiwa wakati mwingine wowote tangu 1968.